Kitenzi cha Kiitaliano husomwa mkiani: mwongozo kamili kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Vitabu vingi vya kujifunzia Kiitaliano vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Hutumia kurasa kadhaa kueleza jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili analijua tangu utotoni: kwamba neno moja laweza kubeba mtendaji, wakati na tendo kwa pamoja. "Ninasema" haihitaji "mimi" mbele yake, na *parlo* haihitaji *io*. Ukiiweka *io* pale pasipo sababu, msikilizaji atadhani unasisitiza: mimi ndiye ninayesema, si mwingine.

Tofauti kubwa ni mahali pa viambishi. Kiswahili huvipanga kichwani, Kiitaliano huvipanga mkiani. Chukua *parlavamo*, "tulikuwa tukisema". *Parl-* ni mzizi, sawa na *-sem-*. *-ava-* inabeba wakati, *-mo* ndiyo "tu-". Kwa hiyo zoea kuyasoma maneno haya kutoka nyuma: mkia wa mwisho unakuambia nani, kipande cha kati kinakuambia lini na kwa namna gani, mzizi unakuambia tendo lenyewe.

Kiitaliano kina namna saba za kitenzi. Nne hubeba nafsi: *indicativo* (kueleza jambo kama lilivyo), *congiuntivo* (matakwa, shaka, dhana), *condizionale* (lile la "-nge-") na *imperativo* (amri). Tatu hazibebi: *infinito* (lile la "ku-", kama *parlare*), *participio* (kama *parlato*) na *gerundio* (kama *parlando*). *Indicativo* pekee ina nyakati nane. Usiogope hesabu hiyo, kwa sababu nusu yake hutengenezwa kwa kitenzi kisaidizi na *participio* moja tu.

Mkazo na herufi kabla ya majedwali

Anayeruka sehemu hii atakariri majedwali yote na bado asieleweke.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mazoea hayo yatakusaidia kwenye parLAre, parLIAmo, parLAte. Yatakuangusha kwenye nafsi ya "wao". Hakuna anayesema parLAno. Ni PARlano, na vivyo hivyo SCRIvono na DORmono. Kanuni ya kushika ni hii: katika wakati uliopo, "wao" hufuata mkazo wa "mimi". PARlo, kwa hiyo PARlano. *Abitare*, kuishi mahali, ni Abito, kwa hiyo Abitano, mkazo ukiwa silabi ya nne kutoka mwisho. Inasikika kigeni mdomoni, na ndiyo kosa la kwanza linalomtambulisha mzungumzaji wa kwetu.

Vitenzi vya *-ere* navyo vimegawanyika. veDEre, aVEre, poTEre na saPEre vinafuata mazoea yako. SCRIvere, LEGgere, PRENdere na METtere havifuati. Andika alama ya mkazo daftarini siku unapokutana na kitenzi, si baadaye.

Herufi: *c* mbele ya *e* au *i* ni "ch" ya Kiswahili, na *ch* ya Kiitaliano ni "k" yetu. Kinyume kabisa. *Cerchi*, "unatafuta", husomwa "cherki". *G* mbele ya *e* au *i* ni "j", na *gh* ni "g". *Sc* mbele ya irabu hizo mbili ni "sh": *capisco* ni "kapisko" lakini *capisci* ni "kapishi". *H* ya *ho, hai, ha, hanno* haitamkwi kabisa.

Kisha konsonanti maradufu, ambazo sikio letu huzipuuza. *Sono* ni "mimi ni", *sonno* ni usingizi. Mbele kidogo utaona herufi *m* moja ikitenganisha "tutasema" na "tungesema".

Hatua ya 1: wakati uliopo

Ondoa *-are*, *-ere* au *-ire*, ubaki na mzizi, kisha tia mkia. Mpangilio ni mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao:

*parlare* (kusema): parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano
*scrivere* (kuandika): scrivo, scrivi, scrive, scriviamo, scrivete, scrivono
*dormire* (kulala): dormo, dormi, dorme, dormiamo, dormite, dormono
*capire* (kuelewa): capisco, capisci, capisce, capiamo, capite, capiscono

Mikia ya "mimi", "wewe" na "sisi" ni ileile kila mahali: *-o, -i, -iamo*. Kinachobadilika ni irabu za nafsi nyingine tatu.

Kundi la *capire* huchomeka *-isc-* katika nafsi nne, zote isipokuwa "sisi" na "ninyi". Utajuaje kitenzi cha *-ire* kinaingia kundi hili? Hesabu herufi kutoka mwisho. Ya tano ikiwa irabu, chomeka *-isc-*: *capire*, *finire*, *pulire*, *preferire*, *spedire*. Ikiwa konsonanti, usichomeke: *dormire*, *partire*, *sentire*, *aprire*. Kanuni hii ina watoro wake. *Costruire* huwa *costruisco* ingawa herufi ya tano ni konsonanti. *Venire*, *salire* na *morire* vina njia zao.

Tahajia hubadilika ili sauti ibaki. *Pagare* huwa *pago, paghi, paghiamo*; bila *h* ile, "g" ingegeuka "j". *Cercare* huwa *cerchi, cerchiamo*. *Mangiare* huwa *mangi*, si *mangii*. Ulinzi huu ni wa vitenzi vya *-are*. Vile vya *-ere* huiacha sauti igeuke: *leggo* ni "leggo" lakini *leggi* ni "lejji".

Kuna mtego wa maana unaotoka kwetu. "-na-" ya Kiswahili hubeba mawili: ninachofanya sasa hivi na ninachofanya siku zote. Kiitaliano kina *stare* pamoja na *gerundio*, *sto parlando*, kwa lile la sasa hivi tu. Anayefanya kazi Malindi aseme *lavoro a Malindi*. Akisema *sto lavorando a Malindi*, inasikika kama jambo la muda, litakaloisha karibuni. Ukiwa na shaka, tumia wakati uliopo wa kawaida. Mara nyingi utakuwa umepatia.

Hatua ya 2: vitenzi kumi na moja vya kukariri

Hapa hakuna njia ya mkato. Hivi hutumika kila dakika, na vyote ni vikaidi:

*essere* (kuwa): sono, sei, è, siamo, siete, sono
*avere* (kuwa na): ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno
*andare* (kwenda): vado, vai, va, andiamo, andate, vanno
*venire* (kuja): vengo, vieni, viene, veniamo, venite, vengono
*fare* (kufanya): faccio, fai, fa, facciamo, fate, fanno
*dire* (kusema neno): dico, dici, dice, diciamo, dite, dicono
*potere* (kuweza): posso, puoi, può, possiamo, potete, possono
*volere* (kutaka): voglio, vuoi, vuole, vogliamo, volete, vogliono
*dovere* (kupaswa): devo, devi, deve, dobbiamo, dovete, devono
*sapere* (kujua): so, sai, sa, sappiamo, sapete, sanno
*uscire* (kutoka): esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono

Ongeza *piacere*, ambacho Mswahili hana haja ya kuelezwa sana: ni "kupendeza". *Mi piace il mango*, embe linanipendeza. *Mi piacciono i manghi*, maembe yananipendeza. Kitenzi kinakubaliana na embe, si na wewe.

Hatua ya 3: passato prossimo

Huu ndio wakati uliopita wa mazungumzo. Unahitaji vipande viwili: *avere* au *essere* katika wakati uliopo, na *participio*. Vitenzi vya kawaida hutoa *-ato, -uto, -ito*: *parlato, venduto, dormito*. Vikaidi ni vingi, hasa vya *-ere*. Anza na hivi: *fatto, detto, scritto, letto, visto, preso, messo, chiuso, aperto, chiesto, risposto, rotto, perso, speso, deciso, scelto, venuto, rimasto, bevuto, nato, morto, stato*. *Stato* hufanya kazi mbili, ya *essere* na ya *stare*.

Kuchagua kisaidizi ndiko kunakowatesa wengi. Kitenzi kinachopokea yambwa moja kwa moja huchukua *avere*: *ho mangiato il pesce*. *Essere* huchukuliwa na vitenzi vya kufika, kuondoka na kugeuka hali: *andare, venire, arrivare, partire, uscire, entrare, tornare, restare, nascere, morire, diventare*, pamoja na *essere*, *stare*, *piacere* na *costare*. Wengi hukosea kwa kudhani kila mwendo ni *essere*. *Camminare, nuotare, viaggiare* na *ballare* (kutembea, kuogelea, kusafiri, kucheza dansi) huchukua *avere*, kwa sababu huelezea namna ya kwenda, si kutoka hapa kufika pale. Vingine hucheza pande zote: *ho finito il lavoro*, nimemaliza kazi, lakini *il film è finito*, filamu imekwisha. Kiswahili nacho kimevitenganisha hivyo hivyo, kumaliza na kwisha.

Vitenzi vyenye *si*, kama *lavarsi* (kujiosha), ni ndugu wa "-ji-" yetu, navyo daima huchukua *essere*. Ila "-ji-" haibadiliki kwa nafsi, wakati Kiitaliano hubadili: *mi, ti, si, ci, vi, si*.

Pakiwa na *essere*, *participio* hukubaliana na mtendaji: Juma *è andato*, Amina *è andata*, Juma na Amina *sono andati*, Amina na Zuhura *sono andate*. Pakiwa na *avere* hakuna mkubaliano, isipokuwa kijina cha yambwa kama *lo, la, li, le* kikitangulia. *Le arance? Le ho comprate.* Machungwa? Nimeyanunua. Angalia "-ya-" yetu na *le ... -ate* yao: kazi ni ileile, kitenzi kukiri kitu kilichotajwa.

Hatua ya 4: imperfetto, na mpaka wake

Kuunda ni rahisi kuliko wakati wowote mwingine: *parlavo, parlavi, parlava, parlavamo, parlavate, parlavano*, badilisha irabu upate *scrivevo* na *dormivo*. Kikaidi cha kweli ni *essere*: *ero, eri, era, eravamo, eravate, erano*. *Fare, dire* na *bere* hurudi kwenye mizizi yao ya zamani: *facevo, dicevo, bevevo*.

Kazi iko kwenye kuchagua. Usijaribu kulinganisha "-li-" na wakati mmoja na "-me-" na mwingine. Mgawanyo wa Kiitaliano haupiti hapo. "Nimekula" na "nilikula" zote ni *ho mangiato*. Mpaka uko kati ya tendo lililofungwa na hali iliyokuwa ikiendelea. Jaribu kuweka "nilikuwa niki-" au "nilikuwa na". Ikikubali bila kuvunja maana, tumia *imperfetto*: *mentre dormivo, è arrivato Juma*, nilipokuwa nimelala Juma alifika. Umri, hali ya hewa, hisia na mazoea ya zamani huenda *imperfetto*: *avevo dieci anni, faceva caldo, ero stanco, ogni sera giocavamo sulla spiaggia*.

Vitenzi vichache hubadilika maana mpakani. *Sapevo* ni nilikuwa nikijua. *Ho saputo* ni nilipata habari. *Conoscevo Maria*, nilikuwa namfahamu. *Ho conosciuto Maria*, ndipo tulipofahamiana.

*Trapassato prossimo* unaipata bure: *avevo mangiato*, nilikuwa nimekula. *Ero arrivata*, nilikuwa nimefika, akisema mwanamke.

Hatua ya 5: futuro na condizionale kwa shina moja

Zifundishwe pamoja, maana zinagawana shina. Ondoa *-e* ya mwisho ya *infinito*. Kwa vitenzi vya *-are*, geuza *a* kuwa *e*. Shina la *parlare* ni *parler-*. Mikia ya *futuro*: *-ò, -ai, -à, -emo, -ete, -anno*. Ya *condizionale*: *-ei, -esti, -ebbe, -emmo, -este, -ebbero*.

*Parleremo* ni tutasema. *Parleremmo* ni tungesema. Tamka *m* ya pili kwa kuishikilia midomo kidogo kabla ya kuifungua.

Mashina makaidi ni yale yale kwa nyakati zote mbili: *sar-* (essere), *avr-, andr-, potr-, dovr-, sapr-, vedr-*, yenye *r* mbili *verr-* (venire), *vorr-, rimarr-, berr-, terr-*, na yanayobaki na *a* au *i* yao *far-, dar-, star-, dir-*. *Pagare* na *cercare* huongeza *h*: *pagherò, cercherò*.

*Futuro* hutumika pia kukisia, kama kwetu. *Sarà andato a casa*, atakuwa amekwenda nyumbani. *Saranno le otto*, itakuwa saa mbili. Usisahau kwamba saa zao hazihesabiwi kuanzia alfajiri.

Tahadhari moja kwenye usemi wa taarifa. Kiswahili husema "alisema atakuja" na "-ta-" yake haitikisiki. Kiitaliano, neno "alisema" likiwa limepita, hudai *condizionale* iliyopita: *ha detto che sarebbe venuto*.

Hatua ya 6: congiuntivo

Wanafunzi huambiwa hili ni zimwi. Kwa Mswahili ni nusu ya zimwi, kwa sababu kila siku anageuza "asema" kuwa "aseme". Kiitaliano nacho hugeuza irabu ya mwisho, kwa kubadilishana: vitenzi vya *-are* huchukua *i*, vya *-ere* na *-ire* huchukua *a*.

*che io parli, tu parli, lui parli, parliamo, parliate, parlino*
*che io scriva, tu scriva, lui scriva, scriviamo, scriviate, scrivano*

Nafsi tatu za umoja zinafanana, kwa hiyo hapa ndipo *io* (mimi) na *tu* (wewe) hupata kazi. Vikaidi anza na "mimi" ya wakati uliopo: *vado* huwa *vada*, *vengo* huwa *venga*, *faccio* huwa *faccia*, *posso* huwa *possa*, *capisco* huwa *capisca*. Visivyofuata ni vitano: *sia, abbia, sappia, dia, stia*.

Mahali ambapo lugha zetu zinakubaliana: *voglio che parli*, nataka aseme, *bisogna che tu venga*, lazima uje, *affinché*, ili. Mtendaji akiwa mmoja, lugha zote mbili hurudi kwenye kitenzi-jina: *voglio andare*, nataka kwenda.

Mahali zinapoachana: dhana. "Nadhani yuko nyumbani" kwa Kiswahili ni kauli ya kawaida. Kiitaliano sanifu hudai *penso che sia a casa*. Vivyo hivyo baada ya *credo che* (naamini), *mi sembra che* (naona), *ho paura che* (naogopa), *benché* (ingawa) na *prima che* (kabla). Lakini *so che* (najua) na *dopo che* (baada ya) hubaki na *indicativo*.

Sasa "kama". Kiswahili kina ngazi tatu, na Kiitaliano kina tatu zinazolingana nazo:

*Se piove, resto a casa.* Mvua ikinyesha, nabaki nyumbani.
*Se avessi soldi, comprerei una barca.* Ningekuwa na fedha, ningenunua mashua.
*Se avessi saputo, sarei venuto.* Ningalijua, ningalikuja.

Kosa linatabirika. Kwetu "-nge-" hukaa pande zote mbili, kwa hiyo mkono unataka kuandika *se avrei*. Katika sentensi ya sharti, upande wa *se* hauchukui *condizionale*. Huchukua *congiuntivo imperfetto*: *parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero*, *scrivessi*, *dormissi*, na vikaidi *fossi, dessi, stessi, facessi, dicessi, bevessi*. *Se avrei* ni kosa ambalo hata Waitaliano wenyewe huchekana nalo, kwa hiyo litasikika mara moja.

Hatua ya 7: amri na heshima

Kwa *tu*: *parla, scrivi, dormi, finisci*. Kukataza ni *non* na *infinito*: *non parlare*. Kwa *voi* (ninyi): *parlate*. Vifupi: *va', fa', da', sta', di'*, na vikaidi *sii* na *abbi*. Vijina hunata nyuma, navyo vifupi hukaza konsonanti: *dammi*, *dimmi*, *fammi*.

Kwa *Lei*, yaani heshima, Kiitaliano huazima *congiuntivo*: *scusi, senta, venga, si accomodi, mi dia*. Ni hila ileile ya "naomba unipe" badala ya "nipe". Anayepokea wageni Watamu au hotelini Kiwengwa na ameokota Kiitaliano chake ufukweni kwa kawaida anajua *vieni* na *guarda* tu. Kwa kijana mwenzake haina neno. Kwa mzee wa miaka sabini aliyeketi mapokezi, *venga* na *guardi* ndizo zinazofaa mpaka yeye mwenyewe aseme mtumie *tu*.

Passato remoto: jifunze kuutambua

*Parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono.* Ni wakati wa riwaya, ngano na historia. Kwenye mazungumzo husikika zaidi kusini, Sicilia ikiwemo, na Toscana. Vikaidi vyake vingi huwa vikaidi kwa "mimi", "yeye" na "wao" tu: *scrissi, scrisse, scrissero*, lakini *scrivesti, scrivemmo, scriveste*. Tenga *fui, fosti, fu, fummo, foste, furono*. Huhitaji kuuzungumza ndipo ueleweke.

Zoezi la kila siku

Chukua kitenzi kimoja kwa siku na ukipitishe kwenye sentensi sita, kwa sauti, ukianzia Kiswahili. Kwa *venire*, mtendaji akiwa Amina: anakuja, *viene*, amekuja, *è venuta*, alikuwa akija kila Ijumaa, *veniva ogni venerdì*, atakuja, *verrà*, angekuja, *verrebbe*, nataka aje, *voglio che venga*. Kisha rudia zote sita kwa "wao", wakiwa wanaume na wanawake pamoja: *vengono, sono venuti, venivano, verranno, verrebbero, vengano*. Raundi hii ya pili ndiyo inayofichua makosa, kwa kuwa mkazo wa VENgono, veNIvano, verREBbero na VENgano hukwepa silabi ya pili kutoka mwisho mara zote nne.